Nusu Milimita kwenye Stelingi

Sifa tunazowapa mafundi wa gereji zina kasoro: tunawasifu kwa shida zao badala ya kazi zao. Land Rover 109 ya miaka ya sabini ikikatiza Bunda mjini ikiwa na injini ya Toyota, pawa stelingi na bampa iliyokunjwa kwa mikono, hakosekani mtu wa kusema, "Mafundi wetu wanajua kuungaunga." Amekusudia kusifu, lakini kuungaunga ni neno la kamba na waya, la kitu kinachosubiri kukatika. Gari linalotoka Musoma alfajiri na mzigo, likapita Butiama kati ya majabali na kurudi jioni bila kuyumba, halikuungwaungwa. Limepimwa. Hoja yangu ni kwamba kubadili gari la zamani ni ufundi wa vipimo kwanza, ubunifu baadaye, na ushahidi mzuri zaidi uko kwenye stelingi, kwa sababu pale uongo wa fundi haufichiki kwa rangi.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ingali na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi hiyo haishiki kutu kama bati. Chesisi ndiyo ya chuma, nayo huoza, ingawa hapa Mara ina nafuu: ziwa letu halina chumvi, na gari la Musoma halipigwi na ule upepo unaotafuna magari ya Tanga na Mtwara. Basi gari linabaki, injini ndiyo inayochoka. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyokuja na Series II mwaka 1958, inapenda mafuta, na spea zake ni za kutafuta, wakati za Toyota zimejaa madukani. Mwenye gari anaweka dizeli ya Toyota. Dizeli ni nzito, na uzito wake unaegemea ekseli ya mbele. Kisha anavalisha matairi mapana kuliko yale ya 7.50-16 ya kiwandani, kwa ajili ya udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania tairi kama ugali unavyong'ang'ania mwiko. Sasa usukani, ambao tangu mwanzo msaada wake ulikuwa mabega ya dereva peke yake, unageuka kuwa adhabu. Hakuna aliyekaa akaota pawa stelingi. Imeitwa na uzito.

Marekani wapo watu wanaochukua magari ya nguvu kama Pontiac GTO ya 1964 na kuyafunga stelingi za kisasa ili yakate kona kama magari ya leo. Kwa mikono, kazi ni ile ile. Nia ndiyo tofauti: kule wanatafuta raha ya mwisho wa wiki, huku mtu anataka kutoka Kisorya na mzigo kabla giza halijaingia. Simdharau mwenye raha yake. Nasema tu kwamba mzigo ni msimamizi mkali kuliko raha.

Tuingie chini ya gari. Stelingi ya asili ya 109 ni safari ndefu. Kutoka kwenye boksi iliyo upande wa miguu ya dereva, fimbo moja inakwenda mbele hadi kwenye mhimili uliosimama ndani ya boriti ya chesisi, wenye springi kali tumboni mwake. Kutoka hapo fimbo ya pili inaelekea gurudumuni, na ya tatu inaunganisha magurudumu mawili. Viungo vya mpira ni sita. Kila kimoja kikilegea kidogo, dereva anakusanya ulegevu wa vyote sita mkononi. Barabara nayo hujibu: gurudumu likigonga jiwe, usukani hurusha teke, na dereva mzoefu hukataa kuingiza dole gumba ndani ya usukani asije akalivunja.

Boksi ya pawa, tuseme iliyotoka kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 60, iliyoundwa kuanzia 1980 hadi 1990, haijui lolote kuhusu chesisi ya Mwingereza. Inatakiwa kukaa mbele, ubavuni. Chesisi hiyo ni bomba la pembe nne, tupu ndani. Ukitoboa kuta mbili na kukaza boliti, kuta zinabonyea, boliti inalegea, unakaza tena, zinabonyea zaidi. Hivyo ndivyo kazi mbaya inavyokufa, polepole na bila kelele. Fundi anayejua anakata kipande cha bomba nene chenye urefu sawasawa na upana wa chesisi, anakipitisha kwenye matundu, anakichomelea pande zote mbili, anasawazisha kwa grenda, ndipo boliti inapita katikati yake. Sasa anaweza kukaza kwa nguvu zake zote na chesisi isibonyee. Ukiinama kutazama, huoni kitu zaidi ya vichwa vinne vya boliti. Saa nyingi za kazi zimezikwa mle, na mwenye gari analalamika kwamba fundi amechelewa.

Halafu kuna uzi wa boliti. Boliti ya Mwingereza ya inchi tatu kwa nane ina kipenyo cha milimita 9.525, na boliti ya Mjapani ni milimita 10. Ya kwanza inaingia kwenye tundu la ya pili bila kulazimishwa, na urahisi huo ndio mtego. Nafasi iliyobaki ni karibu nusu milimita. Tupige hesabu: mkono wa stelingi una urefu wa sentimita 15, boksi inazidisha mara 17, usukani una nusu kipenyo cha sentimita 20. Mchezo wa nusu milimita kwenye ncha ya mkono ule ukifika kwenye ukingo wa usukani umekuwa takriban milimita 11, yaani upana wa kidole. Kidole kimoja cha usukani usiosema chochote, kwenye mteremko, na lori linakuja mbele. Anayeita kazi hii kuungaunga aende akauchukue usukani huo.

Yapo mapingamizi, na la kwanza lina methali yake: mwacha asili ni mtumwa. Wapenzi wa magari ya kale husema 109 yenye moyo wa Toyota si 109 tena. Ninaliheshimu jambo hilo mahali pake. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyowatumikia viongozi wa nchi, na ingekuwa upuuzi kuyabadilisha hata taa. Butiama kwenyewe pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na vilivyomo vina thamani kwa sababu havikuguswa. Lakini kitu cha makumbusho kinabaki kilivyo kwa kuwa hakidaiwi kazi. Land Rover ilizaliwa kuwa gari la shamba, na kiwanda chenyewe kiliibadilisha bila kuomba radhi: mwaka 1983 kikatoa 110 yenye springi za koili badala ya majani. Asili ya gari hili ni kufika. Likiegeshwa chini ya mwembe kwa kukosa spea, huku kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, hapo ndipo lilipoiacha asili yake.

Na tukizungumzia asili, Mara ina ya kwake katika chuma. Jamii za hapa, Wazanaki na Waikizu wakiwemo, zilikuwa na wahunzi wao, waturi, ambao wakulima hawakuoana nao. Majembe na mikuki ilitoka kwao, kila mtu aliwahitaji, na kila mtu aliwaogopa. Siwezi kudai kwamba fundi wa gereji ya leo ni mjukuu wa mturi. Ila tabia yetu kwake ina harufu ya zamani zile: tunamwita "fundi" kwa heshima gari likiwa limekufa, likishawaka tunasimulia kwamba mafundi wote ni waongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la usalama. Ni kweli kwamba yako magari yaliyobadilishwa vibaya, na watu wamo ndani yake. Lakini pingamizi hili likichunguzwa linasimama upande wangu: linamhukumu asiyepima, halihukumu ufundi. Fimbo ya stelingi iliyokuwa fupi haiunganishwi kwa kuchomelea vipande viwili juu juu, kwa kuwa moto hubadilisha ugumu wa chuma jirani na kiungo; inapelekwa kwa mkereza vyuma, ikakerezwe mpya kwa nyuzi zake. Breki hutangulia injini: anayeongeza nguvu akaacha breki za ngoma zilizochakaa ameuza kaburi. Na kadi ya gari ina namba ya injini, hivyo aliyebadili injini bila kuitaarifu TRA anaendesha gari ambalo kwa karatasi halipo. Fundi makini humwambia mteja mambo haya kabla ya kupokea malipo ya awali, na mara nyingine humpoteza mteja kwa hayo.

Huko kujizuia ndiko ninakokusifia kuliko yote. Stelingi ya umeme ya Toyota ndogo kama Vitz ni nyepesi, haina mafuta, na sehemu nyingine duniani watu huifunga kwenye magari ya zamani wakafurahi. Inavutia, nakiri. Lakini inataka umeme usioyumba na kompyuta isiyolowa, na gari la hapa huvuka mito mvua ikinyesha. Boksi ya mafuta, hata mkanda wa pampu ukikatika katikati ya Nyamuswa na Bunda, bado imeshikana chuma kwa chuma na magurudumu. Usukani utakuwa mzito kweli, pengine mzito kuliko zamani, lakini utageuka. Mkanda mwingine unapatikana dukani. Kuchagua kilicho cha kisasa kiasi, kikaishia pale ambapo mji wa karibu unaweza kukitengeneza, ni uamuzi ambao hauandikwi kwenye kitabu chochote cha kiwandani.

Kazi ikiisha, mizigo hupakiwa nyuma ili springi zikae zitakavyokaa safarini, na watu wawili hupanda bampa ya mbele na kurukaruka. Fundi yuko kwenye kiti, mikono haigusi, macho yako kwenye usukani: ukizunguka wenyewe, fimbo imekaa kwa pembe mbaya na kila shimo litalivuta gari upande. Usipocheza, anashuka na kopo dogo la rangi nyeupe, analala chini, na juu ya kila nati anachora mstari mmoja unaovuka hadi kwenye boliti. Kisha anamwambia dereva arudi baada ya wiki. Wiki moja ya barabara za vumbi za Butiama inatosha. Gari likirudi, kabla hata ya kuuliza habari za safari, anaingia chini na tochi kutazama kama kuna mstari uliokatika.