Kufuta kwa Adabu

Flashi ikizunguka Kisangani wiki mbili, ikirudi huwa imezaa. Mgeni kapiga picha za wavuvi kwenye maporomoko ya Wagenia, kamwachia muongozaji nakala. Muongozaji kazipeleka sekretariati zibanwe kuwa faili ya zip. Mwingine kaifungua, na kompyuta, kwa mazoea yake, ikaunda folda yenye jina la zip na kutia ndani yake folda nyingine ya jina lile lile. Unabofya Wagenia, unakuta Wagenia, ndani yake Wagenia tena, mpaka mama anayesubiri picha ya mwanawe akiwa juu ya magogo anauliza: "Papa, bado iko mbali?"

Kero hii si ya macho tu. Windows kwa kawaida hugotea kwenye anwani ya faili yenye herufi 260 hivi. Folda zikirundikana kupita hapo, picha ipo lakini hainakiliki, na mwenyewe hudhani flashi imekufa.

Dawa yake ni skripti ya mistari michache, na ninaisifu kwa makusudi, maana watu wamezoea kusifu programu kubwa tu. Skripti nzuri huanzia chini. Hushuka hadi folda ya ndani kabisa, ndipo ianze kupanda. Ikikuta folda yenye folda nyingine ndani yake ya jina kama lake, hupandisha vilivyomo ngazi moja, kisha huondoa ganda kwa rmdir, amri ya zamani ya Unix inayokataa katakata kufuta folda yenye chochote ndani. Ipo amri nyingine, kali, inayofagia folda na vyote vilivyomo bila kuuliza. Fundi wa kweli haigusi hata akiwa na haraka. Tena kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999 kisha huanza upya, kwa hiyo IMG_0001 mbili zaweza kuwa picha mbili tofauti kabisa. Zikikutana, skripti isimame. Isiifute moja kwa nyingine.

Na kabla ya kugusa chochote, ichapishe orodha ya inachokusudia kufanya. Skripti ya kivivu, ile isiyolinganisha majina, ilikuwa imeandika kwenye orodha yake folda iitwayo "Maji madogo", kisa imebeba folda moja tu. Muongozaji akaiwekea kidole: hiyo usiguse. Alikuwa na haki. Hapa, kwenye maporomoko ya mwisho kati ya saba ya Boyoma yanayoanzia Ubundu, miti husimikwa katika matundu ambayo maji yenyewe yameyachimba mwambani, na madema makubwa yaliyochongoka huning'inizwa pale mkondo unapokaza. Mto ukipanda au kushuka, mahali pa dema hubadilika. Ondoa maneno yale mawili, mvuvi atabaki na kadi ya posta.

Halafu kuna umeme. Wetu hutoka kwenye bwawa la mto Tshopo, na hukatika wakati wowote. Kwa hiyo skripti ihamishe kitu kimoja, ihakikishe kimefika, ndipo ishike kingine. Yangu ikikatwa katikati naiwasha tena tangu mwanzo, bila hofu: haina kumbukumbu ya kuichanganya, husoma tu diski kama ilivyo saa hiyo, na palipokwisha kunyooka hupita.