Viboko 24

Wazee waliotulea walikuwa na jina la adhabu ya Wajerumani: hamsa ishirini, yaani viboko 25. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa katika Uhuru wake, Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya kiwango cha chini cha adhabu. Mla rushwa, mvunja nyumba au mwizi wa mali ya umma alipewa kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24: 12 akiingia gerezani, 12 kabla ya kutoka. Tofauti na hesabu ya Mjerumani ilikuwa kiboko kimoja.

Sikatai kwamba nia ilikuwa njema. Taifa lililojenga shule na zahanati kwa senti za wakulima lilikuwa na haki ya kumkasirikia mwizi wa senti hizo. Kasoro naiona kwingine: sheria ile ilimfunga hakimu kabla ya kumfunga mwizi. Mkosaji wa mara ya kwanza aliweza kupunguziwa, lakini ilipasa mali isizidi shilingi 100 na pawepo sababu maalumu. Ikizidi hapo, kazi ya hakimu ilikuwa kuhesabu.

Nasema haya nami si msafi. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliandika kanuni nikaibandika mlangoni pa ofisi: mwizi, viboko 6 mstarini, pasipo mjadala. Mtoto wa darasa la sita akakutwa na mahindi ya ghala la shule. Mwalimu wa zamu aliniomba nimsikilize kwanza, nikamwonyesha karatasi. Mtoto akachapwa mbele ya wenzake, wala hakurudi tena shuleni. Nilipofika kwao nilimkuta mama yake yu kitandani, na wadogo zake wawili wakimtegemea yeye. Chuo cha ualimu kilinifundisha kumjua mtoto kwanza. Karatasi yangu ilinipumzisha na kazi hiyo.

Mwaka 1972 ilikuja sheria mpya: viboko vikafutwa, miaka ya kifungo ikaongezwa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa. Kote huko kiwango kiliandikwa kabla mshitakiwa hajafungua kinywa.

Msomaji wangu, usinielewe vibaya. Mwizi na aadhibiwe. Ila kwanza aulizwe, na anayemuuliza awe na uwezo wa kubadili uamuzi wake akishasikia jibu.