Mashine Isiyoficha Umri Wake

Muuzaji wa mashine ya santuri iliyotumika huanza na mfuniko. Ameufuta, ameung'arisha, hauna mkwaruzo. Mnunuzi anayejua kazi yake huusifu kwa adabu, kisha anauweka kando, maana hakuna DJ anayepiga muziki mfuniko ukiwa umefungwa. "Kizuri chajiuza" ni methali ya kumwingiza mtu hasara katika soko hili.

Nazungumzia Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, na ndugu zake waliofuata. SL-1200 ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani, mwenye chapa ya Technics, mwaka 1972, ikakusudiwa wasikilizaji wa nyumbani. Walioipa kazi yake halisi ni ma-DJ wa kumbi za disko na wa mitaa ya Bronx, New York. Walitaka santuri ikishikwa, ikirudishwa nyuma kwa kidole na kuachiwa kwenye pigo linalotakiwa, chombo kinachoizungusha kisichoke. Mashine zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zilichoka, kwani mpira unalegea na kuteleza. Mhandisi Shuichi Obata na wenzake walikuwa wameshauondoa mkanda huo katika mashine yao ya awali, SP-10. Kwenye MK2, sumaku ya mota imefungwa chini ya sinia lenyewe la alumini linalobeba santuri. Lichomoe sinia kwa vile vitundu viwili vya vidole na utaziona koili zimekaa wazi mbele yako. Mashine nyingi za bei nafuu zimeiga umbo la MK2 kwa nje. Ukikuta mkanda ndani, shukuru na uondoke.

Ninachokipenda katika chombo hiki ni kwamba waliokiunda walikiwekea vipimo usoni. Bonyeza kitufe cha kuanzisha: sinia linapaswa kufikia mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ndani ya sekunde 0.7, yaani kabla ya kumaliza robo ya mzunguko wa kwanza. Taa nyekundu ya pembeni inamulika safu nne za nukta kwenye ukingo. Kasi ikiwa sawasawa, nukta kubwa zinaonekana zimesimama tuli. Sasa ishike santuri kwa kidole huku sinia likiendelea kuzunguka chini ya kile kitambaa laini kinachotenganisha santuri na sinia. Nukta zikianza kutembea, mota au saketi yake ina tatizo, na hilo muuzaji hawezi kulikana kwa maneno.

Kisha kitelezi cha kasi, ambacho ma-DJ hukiita pichi. Kinapandisha au kushusha kasi kwa asilimia 8, na katika MK2 kina mguso mdogo kikipita sifuri. Kisukume polepole sana. Vumbi la ukumbini na soda zilizomwagika huishia humo, na kasi huanza kurukaruka mahali fulani. Kitelezi kinasafishika, hata kubadilishwa, kwa hiyo kasoro hiyo ipunguze bei tu.

Mkono wa sindano ni habari nyingine. Hapa ndipo mnunuzi mzuri anapotumia nusu ya muda wake, na hapa ndipo anapofanana na mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe: haangalii rangi, anapapasa viungo. Kwanza anausawazisha mkono kwa ule uzito wa nyuma mpaka uelee, usipande wala usishuke, huku kidhibiti kinachouvuta kuelekea nje kikiwa kwenye sifuri. Akiupulizia pumzi kidogo unasogea, unatulia. Ukikwama popote katika safari yake, kuna kitu ndani. Kisha anaushika karibu na egemeo kwa vidole viwili na kuutikisa kidogo sana, mbele na nyuma, juu na chini. Anatafuta kile mafundi wanachosema kwamba mkono "unacheza". Ni mguso hafifu kuliko mpigo wa moyo kwenye kifundo cha mkono, na kidole kisichozoea hakiusikii. Mkono unaocheza hausomi santuri vizuri hata ukiufungia sindano ya bei gani, na kuurekebisha ni kazi ya fundi mwenye macho makali na subira, kama atapatikana.

Sauti ikitoka upande mmoja tu, usikimbilie kukataa. Kichwa cha sindano kinaungana na mkono kwa vipini vinne vidogo, na mara nyingi ni uchafu tu. Vifute kwa spiriti ujaribu tena. Mvumo nao kwa kawaida ni waya wa ethi uliokatika.

Kwa anayenunua ili atumie Dar es Salaam au Mombasa, kuna swali la umeme. Mashine iliyouzwa Japani imeundwa kwa volti 100. Soketi zetu ni za volti 230 hadi 240, na hazina huruma. Geuza mashine usome kibandiko, usitegemee plagi. Plagi hubadilishwa na yeyote mwenye kisu.

Uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2010, ukarejea 2016 kwa toleo maalumu la mashine 1,200 tu, na 2019 ikaja MK7. Hata hivyo MK2 haijaporomoka thamani, na naona sababu: michoro yake inajulikana, na fundi anaweza kuifungua bila kubahatisha.

DJ hununua mbili. Jaribio la mwisho ni kuweka nakala mbili za santuri moja, kuzianzisha pamoja pichi zikiwa sifuri, kisha kuondoa mikono. Kwenye sifuri fuwele ya kwatsi (quartz) inayodhibiti kasi ndiyo inayoshika usukani, hivyo mapigo yanapaswa kwenda sambamba. Ukisogeza pichi zote mbili hadi alama ileile, yataachana kidogo kidogo. Hiyo si kasoro ya kudaiana. Kufukuzia tofauti hiyo kwa ncha ya kidole ndiyo kazi aliyoichagua DJ.

Mkishapatana bei, mwangalie muuzaji anavyofungasha. Mtunzaji huchomoa sinia, uzito wa nyuma na kichwa cha sindano, akavifunga kila kimoja peke yake na kuubana mkono usitembee njiani. Anayeikabidhi mashine nzima na sinia lake juu, mwombe usubiri kidogo, kisha uupapase tena ule mkono kabla ya kutoa hela.