M14, M15 na Mpaka wa Kasesya

Mwaka 1948 mwanaisimu Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu kwa herufi na namba. Kifipa kikapata M13, Kirungu M14, Kimambwe M15. Namba hizo zilikuwa za kurahisisha rejea, na ujirani kwenye ramani ulichangia sana kuzipanga. Anayeisoma orodha ile kama mti wa ukoo anamsingizia Guthrie. Baadaye ISO 639-3, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha, ikaviweka Kirungu na Kimambwe chini ya msimbo mmoja, mgr, na Kifipa kikabaki na wake, fip.

Sasa Kirungu na Kimambwe ni lugha mbili au moja? Inategemea umepima kwa kipimo gani.

Kipimo cha haraka ni orodha ya maneno: maji, jicho, mfupa, kuku. Unahesabu yanayotoka shina moja, unapata asilimia. Tatizo ni kwamba orodha iliyoandikwa bila alama za toni inapoteza jambo kubwa. Lee Bickmore, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu fonolojia ya Kirungu, alitumia kurasa nyingi mno kueleza namna toni ya juu inavyosafiri ndani ya kitenzi. Hayo asilimia haiyaoni.

Kipimo cha pili nakiamini zaidi. Unarekodi mzee akisimulia kisa kijijini kwake, unakipeleka kijiji kingine, unakisimamisha kila baada ya sentensi chache na kuuliza: nani alikwenda shambani? Alirudi na nini? Eugene Casad alieleza mbinu hii kitabuni mwaka 1974. Ila Kasesya, ambako lugha hizi hukutana, ni mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mtu anayevuka kwenda mji wa Mbala, Zambia, kuuza na kununua, masikio yake yameshazoea usemi wa pande zote, kwa hiyo atajibu vizuri hata kama lugha zimeachana. Hapo unakuwa umepima biashara. Heri kumtafuta kijana ambaye hajatembea.

Kuhesabu wasemaji wa lugha hizi ndiko kugumu zaidi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliwagawa Wamambwe na Warungu kati ya dola mbili, na leo wako Tanzania na Zambia. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967, ndiyo maana Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 ina makadirio. Zambia inauliza lugha mtu anayoitumia zaidi. Mmambwe wa Mbala akijibu Kibemba, kwa kuwa ndicho cha sokoni na kazini, anatoka kwenye hesabu ya Kimambwe hata kama nyumbani hasemi kingine.