Tunarekebisha sauti ya mashine au Kiswahili chetu?

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huandaa vipindi vifupi vya afya kwa redio za mashinani, aliniletea tangazo la dakika mbili. Sauti nyororo ya mwanamke ilikuwa ikiwaonya wasikilizaji kuhusu nyama isiyoiva. Kumbe hakuna mwanamke aliyesoma. Ilikuwa kazi ya akili unde. “Prof, nimepunguza spidi, nikashusha kidatu, lakini bado kuna kitu hakijakaa sawa,” alilalamika. Niliisikiliza mara tatu. Kitu chenyewe kilikuwa katika sentensi fupi mno: Pika nyama barabara.

Msomaji anajua kwamba hayo ni maneno mawili yanayoandikwa kwa umbo moja. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, tunazungumzia njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja, baRAbara, tunamaanisha vilivyo, sawasawa. Kwa kawaida mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine, mithili ya mwanafunzi mtiifu asiyejua vighairi, ilifuata kanuni, ikawaambia watu wapike nyama njia ya magari! Hapo hata ukipunguza spidi mpaka mashine isinzie, utapata kosa lile lile, ila polepole.

Hili ndilo tatizo la vitufe vya kurekebishia sauti hizi. Spidi, kidatu na ukubwa wa sauti hubadilisha matini yote kwa kipimo kimoja. Msomaji wa binadamu hafanyi hivyo. Hukimbia pale panapojulikana, akatua kabla ya neno zito, akalivuta kidogo, kisha akaendelea. Anajua pa kutua kwa sababu ameelewa anachosoma. Wataalamu wa isimu huziita sifa hizi za kiarudhi, na si mapambo ya lugha. E.O. Ashton alipochapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, kiimbo kilitajwa katika jina lenyewe la kitabu. Hakukosea. Kiswahili kimeweka sehemu kubwa ya sarufi yake katika sauti, wala haionekani kwenye karatasi.

Chukua swali. Mwingereza hupangua maneno yake ili aulize. Sisi tunaweza kuyaacha palepale: Mtoto amechanjwa. Mtoto amechanjwa? Tofauti yote imo katika kiimbo. Katika tangazo la mwanafunzi wangu palikuwa na mazungumzo ya majirani wawili, na mashine ilisoma baadhi ya maswali yao kama taarifa. Jirani anasema mtoto amechanjwa, mwenzake anajibu, “Bado.” Unabaki ukijiuliza nani anambishia nani.

Mwanafunzi alilitatua kwa kutia Je mwanzoni mwa kila swali. Haya, Je ni yetu, hatukuiazima. Lakini nani huzungumza hivyo na jirani yake kwenye ua? “Je, umeshakula? Je, mtoto amelala?” Ua uligeuka chumba cha mtihani. Je ina mahali pake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alipouliza “Je, Huu ni Ungwana?” redioni, ile Je ilikuwa ya kumpandisha mtu kizimbani, na ilifaa. Kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi, haifai.

Na barabara? Aliifuta, akaandika vizuri. Tangazo likaeleweka. Nami ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Maana tazama alichokifanya. Alidhani anairekebisha mashine, kumbe kila alipokwama alikirekebisha Kiswahili. Neno lisilotamkika lilitolewa. Swali lisiloimbika liliongezewa kiambata. Sentensi ndefu yenye pumzi ya kisimulizi ilikatwa vipande vitatu. Kila badiliko lina sababu yake, na mimi mwenyewe ningekuwa na haraka pengine ningefanya hivyo. Lakini matangazo kama haya yakishakuwa mamia, mtoto anayekua akiyasikia atakosa kulisikia neno barabara kwa maana yake ya pili, na siku akilikuta kitabuni atalisoma kama mashine.

Si kila kosa ni la mashine, nikiri. Tangazo lilisema zahanati hufunguliwa “saa nane asubuhi”. Nilipoitisha matini, nilikuta imeandikwa 8:00 asubuhi. Aliyeandika alikuwa akifikiri kwa saa ya Kiingereza, na mashine ikasoma ilichopewa. Hiyo ni saa mbili, bwana! Anayeandikia sauti aandike saa kwa maneno, basi.

Wala sizipingi sauti hizi. Asiyeona anayesomewa gazeti na simu yake hana haja ya kunisubiri mimi nimalize manung’uniko. Microsoft, kwa mfano, imetenga sauti za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi. Hiyo ni hatua ya kutambua kwamba Kiswahili kina makao zaidi ya moja. Kadhalika upo utaratibu wa alama uitwao SSML, uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 2004, ambao humwezesha mwandishi kuonyesha ndani ya matini pa kutua, pa kukazia, na hata namna ya kutamka neno moja moja. Kwa programu inayoukubali, barabara ingeweza kubaki. Ila kazi hiyo inamtaka mtu anayejua mkazo unakaa wapi, na mtu huyo ndiye aliyeachwa nje pale redio ilipoamua kwamba msomaji ni gharama.

Nilimwomba mwanafunzi wangu alirudishe neno. Programu yake haikuzikubali alama hizo. Basi akatoka ukumbini nje ya ofisi yangu, akaisoma sentensi hiyo moja kwenye simu kwa sauti yake mwenyewe, akaipachika. Ukilisikiliza tangazo kwa makini utamsikia: sauti inabadilika ghafla, mlango unafungwa kwa mbali, kisha yule mwanamke asiyekuwepo anaendelea.