JOTO, HALIJOTO NA JOTORIDI: UHAKIKI WA MATUMIZI

Katika mazungumzo ya kila siku, Mswahili asemapo "joto" hukusudia kinyume cha baridi. Neno hilo likitwikwa mzigo wa istilahi ya kisayansi bila ya kuangaliwa, huzaa utata. Mkazi wa Njombe aliyejifunika blanketi asubuhi ya mwezi wa Julai, akiambiwa kuwa "joto ni nyuzi 8", ana haki ya kuuliza ni joto gani hilo.

Utata huu una madhara. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Maelezo yakisema tu kwamba chanjo "zikingwe na joto", msomaji mtiifu atazisogeza karibu na barafu, akiamini kuwa baridi ikizidi ndipo usalama unapozidi. Kumbe chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Maelezo yametaja mpaka mmoja, na mpaka usiotajwa ndio uliovukwa. Yai la kuku nalo huatamiwa kwa nyuzi 37.5 hivi muda wa siku 21; likipoa mno au likipata moto mno, kifaranga hufia ndani. Uhai una mipaka miwili, bali neno "joto" hutuonyesha mmoja tu.

Kosa la pili ni kuchanganya kipimo na tofauti. Siku iliyoanza kwa nyuzi 18 na kufikia nyuzi 28 huelezwa na baadhi ya wafasiri kuwa ina "joto la nyuzi 10". Atakayegeuza maneno hayo katika kipimo cha Fahrenheit ataandika nyuzi 50, ilhali tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi ni nyuzi 18 tu za Fahrenheit.

Yafaa basi "joto" libakie kuwa jina la nishati. Kwa kipimo chake tunayo maneno mawili. "Halijoto" limekwisha zoeleka katika taarifa za hali ya hewa, wala hatuoni sababu ya kulipiga vita. Hata hivyo "jotoridi", lililounganisha joto na baridi, lina fadhila ya kubeba ncha zote mbili. Watakaosema kuwa ni geni masikioni wanasema kweli. Lakini ugeni huisha kwa matumizi, na utata hauishi. Mwandishi na achague moja, alishike tangu mwanzo hadi mwisho wa kitabu chake.

Lakini istilahi peke yake haitoshi. Pale penye mipaka, lugha yetu ina muundo wake ulio wazi: "isipungue nyuzi 2 wala isizidi nyuzi 8". Mhudumu wa zahanati aliyesoma sentensi hiyo hahitaji kamusi, na chanjo yake itasalimika.