Mlango ndio taa

Picha ya mtu mmoja kwenye mlango wa kanisa kongwe huharibiwa mara nyingi na kosa moja: mpiga picha hupima mwanga wa ukuta, kisha akashangaa uso umekwenda wapi. Chukua Kashozi, misheni ya kwanza ya Wakatoliki katika Buhaya, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892. Humo ndimo mwili wa Kardinali Laurean Rugambwa ulimolazwa alipofariki mwaka 1997, hadi ulipohamishiwa kanisa kuu la Bukoba mwaka 2012. Jengo lenye historia nzito kiasi hicho humshawishi mwenye kamera arudi nyuma, arudi tena, mpaka mzee aliyevaa kanzu abaki kuwa rula ya kuonyesha urefu wa mlango. Nashikilia kinyume chake. Katika picha hii mlango ni taa, na kazi ya taa ni kumulika uso.

Taa hiyo hufanya kazi hivi. Mtu akisimama nje kabisa jua likiwa juu, nyusi humwaga kivuli na macho yakageuka mashimo mawili. Akisogea hatua moja ndani ya kizingiti, ukuta ulio juu ya mlango hulikata jua la utosini, na mwanga unaobaki ni ule mpana wa anga iliyo mbele yake, pamoja na ule unaorudishwa na udongo mwekundu wa uwanjani, unaopanda hadi chini ya kidevu na kwenye vikope, mahali ambapo jua la juu haligusi. Akiingia hatua tatu, kipande cha anga anachokiona hupungua na uso huanza kuzama. Kwa hiyo suala zima ni la hatua moja au mbili, wala halihitaji lenzi ya bei mbaya. Sharti ni mlango wenyewe uwe kivulini. Unaoelekea mashariki upigwe alasiri, unaoelekea magharibi upigwe asubuhi. Bukoba, jirani ya Kashozi, iko kama digrii 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini na mlango unaotazama kusini hukaa kivulini mchana kutwa. Desemba mambo hugeuka. Na mawingu, ambayo mji huu wa mvua hauyakosi, wapiga picha wengi huyalaani bure: wingu ni shuka jeupe lililotandwa mbele ya jua.

Kisha kuna kipimo. Mita ya kamera hudhani kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Ielekezwe kwenye ukuta uliopakwa chokaa, au kwenye kanzu, nayo itapunguza mwanga ili weupe ule uwe kijivu. Ngozi nyeusi, ambayo tangu hapo hurudisha mwanga kidogo, hutumbukia gizani. Dawa ni kupima usoni, halafu kuangalia kama mikunjo ya kanzu bado inaonekana. Kwenye jua kali viwili hivyo havipatani. Ndani ya kizingiti hupatana, kwa kuwa mwanga laini hupunguza umbali kati ya cheupe na cheusi. Tatizo hili lina umri. Sahani za kioo zilizotumika sana misheni ya Kashozi ilipoanza hazikuhisi rangi nyekundu, na ngozi ya kahawia hurudisha wekundu zaidi ya ubuluu, basi kemia yenyewe iliuzidishia uso weusi. Miongo kadhaa baadaye maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Uso wa Mhaya haukuwa sehemu ya hesabu.

Atasema mtu kwamba simu za leo zimemaliza mjadala, maana huunganisha picha kadhaa na kuung'arisha uso zenyewe. Huung'arisha, kweli, lakini haziwezi kugeuza upande mwanga unakotoka: mashimo ya macho hubaki mashimo, ila sasa yana rangi ya majivu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uso mweusi mbele ya giza la ndani ya kanisa utapotea. Hautapotea. Mgeuze kidogo anga impate ubavuni. Mng'ao wa shavu na wa paji la uso utauchora ukingo wake, na kanzu itamaliza kazi. Wapo pia wanaopenda mtu abaki kivuli cheusi tupu mlangoni. Kinapendeza, ila kivuli hicho chaweza kuwa cha yeyote, popote, na safari ya Kashozi haikuwa na haja.

Limebaki suala la saa, ambalo wageni hulikosea daima. Saa zetu hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ilhali Bukoba iko karibu na 32. Saa sita ya ukutani, Kashozi jua halijafika juu; hufika kwa wastani saa saba kasoro dakika saba.